Maandishi Juu ya Mfuko

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, aliukuta mfuko wa barua umelala. Juu yake paliandikwa kwamba ni wa Dkt. Livingstone, Ujiji, na tarehe: 1 Novemba 1870. Ulichelewa pwani, ukachelewa tena Unyanyembe, kisha vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, vikaifunga njia. Barua zilimfikia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871, mwaka mzima baada ya tarehe ile, na aliyezifikisha ni Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Katika mwaka huo, yeyote aliyeuona mfuko na aliyejua kusoma aliweza kusema ni wa nani na uliandikwa lini. Kilichomo ndani hakuna aliyekijua.

Siku hizi habari hailali Kwihara. Inatoka Beijing, Washington au Nairobi na kuingia katika kundi la WhatsApp la Isevya kabla chai ya kijiweni haijapoa. Lakini iko aina moja ya habari ambayo bado inatufikia kama mfuko ule: habari ya dola moja kudukua siri za dola nyingine. Tunasoma maandishi ya juu tu, halafu tunabishana kana kwamba tumezisoma barua.

Sababu iko katika wizi wenyewe. Ng'ombe wakiibwa Nzega, zizi linabaki wazi na kwato zinaonekana kwenye vumbi. Sungusungu walipoanza huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yao kubwa ilikuwa kuzifuata nyayo hizo. Mwizi wa mtandao haachi zizi tupu. Faili linabaki pale pale, nakala ndiyo inayoondoka. Nyayo zake ni mistari ya kumbukumbu za seva, anwani za mashine zilizokodiwa nchi ya tatu, na vipande vya programu hasidi vinavyoweza kuigwa na mtu mwingine kwa makusudi. Msomaji hawezi kuvikagua. Mhariri wa gazeti naye, mara nyingi, hawezi. Kwa hiyo anayewahi kusema ndiye anayelipa tukio jina, na wanaomfuata wanabishania jina hilo.

Hapo ndipo vyombo vya habari vinavyoegemea dola vinapopata kazi. Nazungumzia vile vinavyomilikiwa na serikali, kama shirika la habari la Xinhua na televisheni ya CGTN, vile vya chama tawala, kama Global Times iliyo chini ya gazeti la People's Daily, na pia vile ambavyo havimilikiwi na dola lakini vinaitegemea kwa matangazo, leseni au hisani. Kwa Mswahili si wageni hawa. Wazee wa redio za mbao wanakumbuka BBC ilipoanza kusema Kiswahili mwaka 1957, Radio Peking mwaka 1961 na Sauti ya Amerika mwaka 1962. Mwaka 2006 Redio China Kimataifa ilifungua kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China, na mji iliouchagua ni Nairobi. Vita vya maneno kati ya wakubwa vilitafsiriwa kwa Kiswahili fasaha kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tuanze na Kenya, kwa kuwa mfano wake ni wa karibu na uko wazi. Tarehe 24 Mei 2023, shirika la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wa Kichina waliilenga serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa. Ilielezwa kuwa mlango ulifunguliwa mwishoni mwa 2019, mtumishi mmoja alipofungua waraka uliotegwa. Kisha wizara na idara nane, pamoja na ofisi ya rais, zikalengwa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, baadhi ya vyanzo viliona kuwa shabaha ilikuwa kujua Kenya inafikiria nini kuhusu madeni yake kwa Beijing. Ubalozi wa China ulisema madai hayo hayana msingi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Kenya, kupitia Katibu wake Raymond Omollo, ikaiita habari hiyo propaganda iliyofadhiliwa.

Soma tena jibu hilo la mwisho. Swali lilikuwa: je, seva za serikali ya Kenya ziliingiliwa? Jibu likageuka kuwa: nani amelipia habari hii? Swali la pili linaweza kuwa la haki kabisa, lakini halijibu la kwanza. Na kwa mwandishi wa chombo kinachoegemea dola, hilo la pili ni tamu zaidi. Lina adui, lina heshima ya taifa, na halihitaji mtu anayejua seva ni nini. La kwanza linahitaji fundi, muda, na ruhusa ya kuziona kumbukumbu za mfumo, na ruhusa hiyo iko mikononi mwa serikali ile ile inayokanusha. Ndiyo maana, kwa uzoefu wangu wa kuzisoma habari hizi, uongo mtupu ni nadra. Kazi kubwa inafanyika kwa kubadilisha swali.

Siku hiyo hiyo ya 24 Mei, kwa sadfa, kampuni ya Microsoft na mashirika ya usalama ya Marekani na washirika wake wanne walitangaza kuwa kundi la Kichina walilolipa jina la Volt Typhoon limejipenyeza katika mitambo muhimu ya Marekani. Kesho yake, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, Mao Ning, alisema huo ni uenezaji wa uongo kwa pamoja, na kwamba himaya halisi ya udukuzi ni Marekani. Waswahili tunayo ya kwetu kwa mabishano kama haya: nyani haoni kundule.

Karakana ya simulizi hizi ilionekana vizuri Septemba 2022. Tarehe 5 mwezi huo, kituo cha serikali ya China cha kukabiliana na virusi vya kompyuta, kwa kushirikiana na kampuni ya usalama wa mtandao ya 360, kilitoa ripoti ikilishutumu shirika la kijasusi la Marekani la NSA kwa kukidukua Chuo Kikuu cha Northwestern Polytechnical mjini Xi'an. Zilitajwa silaha 41 za kimtandao na data inayozidi gigabaiti 140. Siku hiyo hiyo Mao Ning akailaani Marekani akirejea ripoti ile. Tazama mzigo unavyosafiri: kituo cha serikali kinaandika, gazeti la chama linachapa, shirika la habari la taifa linatafsiri kwa lugha nyingi, mwandishi wa chombo cha serikali anamuuliza msemaji wa serikali, naye anajibu kwa kurejea kituo cha serikali; kisha jibu lake linakuwa habari mpya. Mzigo umepita kambi tano na ni ule ule, ila kwa anayeupokea mwisho wa njia kila kambi inaonekana shahidi mwingine.

Februari 2024 mchambuzi wa kampuni ya Marekani ya SentinelOne, Dakota Cary, alichapisha uchunguzi wake juu ya ripoti za namna hii. Hoja yake ni kwamba nyingi zinaegemea nyaraka za Wamarekani zilizokwisha kuvuja, na zinatoa ushahidi mchache wa kiufundi ambao mtaalamu mwingine anaweza kuupima mwenyewe. Nakubaliana naye, ila kwa tahadhari moja. NSA inadukua kweli; Edward Snowden, mvujishaji wa siri zake, alilionyesha hilo mwaka 2013, kwa nyaraka. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza: wakigundua kuwa simulizi imepikwa, wanadhani na jambo lenyewe halikutokea. Inawezekana barua za ndani ni za kweli na maandishi ya juu ya mfuko yameandikwa na mwenye hila.

Wala tusidhani upande wa pili unaandika kwa wino mweupe. Aprili 2023 Microsoft ilianza kuyapa makundi ya wadukuzi wa dola majina ya hali ya hewa: ya China ni vimbunga, ya Urusi ni tufani za theluji, ya Iran ni dhoruba za mchanga. Katika orodha hiyo Marekani haikupewa hali yoyote ya hewa. Huko anga ni shwari, nadhani.

Turudi nyumbani, maana si haki kuwachambua Wachina na Wamarekani peke yao. Novemba 1964 Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kuwa zimepatikana barua zinazothibitisha njama ya Wamagharibi dhidi ya Tanzania. The Nationalist, gazeti la TANU lililokuwa na miezi michache tu tangu lianzishwe, lililibeba suala hilo kwa nguvu, na watu wakaandamana. Marekani ilisema barua ni za kughushi, na leo wanahistoria wanazihesabu hivyo. Lakini hofu iliyozaa imani ile haikuwa ya kughushi. Mwaka huo huo jeshi lilikuwa limeasi, Zanzibar ilikuwa imefanya mapinduzi, na huko Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndege zilizogharimiwa na Wamarekani zilikuwa vitani. Simulizi ya jasusi haioti juu ya jiwe tupu.

Miezi miwili baadaye lilitokea jambo ambalo naliona kuwa babu wa habari zote za udukuzi katika nchi yetu. Wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na Robert Gordon wa Dar es Salaam, walizungumza kwa simu. Maadhimisho ya mwaka wa kwanza wa Mapinduzi yalikuwa yanakaribia, nao walitaka Washington itume salamu za pongezi. Mmoja wao akasema wanahitaji risasi kubwa zaidi, kwa maana ya hoja nzito za kuwashawishi wakubwa wao. Simu ilikuwa imenaswa. Aliyesikiliza alisikia risasi. Januari 1965 wote wawili walifukuzwa kwa tuhuma za kula njama; Marekani nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania.

Hapa kila kitu kilikuwa halisi: waya, sauti, na neno lenyewe. Walionasa hawakubuni chochote. Kilichokosekana ni tafsiri, na tafsiri ilitolewa na hofu iliyokwisha kupashwa moto na magazeti tangu Novemba. Mchambuzi wa leo anayetazama anwani ya mashine ya Shanghai au ya Virginia anasimama mahali pale pale aliposimama msikilizaji yule wa simu. (Carlucci, kwa kuongeza chumvi kwenye mchuzi, alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA mwaka 1978. Kwa wengi Dar es Salaam hilo lilikuwa ushahidi tosha wa mambo ya 1965, ingawa halithibitishi lolote juu ya simu ile.)

Tabora inaijua tabia hii ya simulizi kumfuata msimulizi kwa sura ya mtu mmoja. Agosti 1871 Stanley alipigana upande wa Waarabu wa Unyanyembe dhidi ya Mirambo, wakashindwa, na wasomaji wa New York wakapata Mirambo aliye jambazi wa njiani. Aprili 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo, wakachanjiana damu, na wasomaji wale wale wakapata Mirambo aliye muungwana. Mtemi wa Urambo hakuwa amebadilika sana. Aliyebadilika ni mwenye kalamu, na mahali alipolala usiku ule. Mirambo aliweza kuifunga njia ya pembe za ndovu, lakini njia ya habari kwenda Ulaya haikupita mikononi mwake. Mwaka 1879 mkongo wa simu za maandishi wa kampuni ya Waingereza ulipofika Zanzibar kutoka Aden, njia hiyo ikawa fupi zaidi, na ikabaki na mwenyewe yule yule.

Mkongo wetu wa taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kuingia mikoani pamoja na huku kwetu, ulijengwa kwa mkopo wa China na kampuni ya China. Sisemi hivyo kwa kumtuhumu mtu. Nasema kwa sababu siku itakapotoka habari kwamba kuna kitu kimepita humo kisivyo halali, tayari najua magazeti yatakavyogawanyika: moja litaandika urafiki, lingine litaandika ukoloni mpya, na huenda kusiwe na hata moja litakalomtafuta mtu wa zamu ya usiku.

Ilikuwa hivyo Addis Ababa. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba kwa miaka mitano, tangu 2012, seva za makao makuu ya Umoja wa Afrika, jengo la dola milioni 200 lililotolewa na China kama zawadi, zilikuwa zikituma data Shanghai kila usiku. Balozi wa China katika Umoja huo alisema ni upuuzi. Mwenyekiti wa Kamisheni, Moussa Faki, alisema akiwa Beijing kuwa ni uongo. Kwa wiki kadhaa mjadala ukawa wa nani anaionea wivu Afrika na China, na kwa nini gazeti la Wafaransa. Katika mjadala huo wote mtu aliyesahaulika ni fundi. Le Monde lilieleza kuwa jambo liligunduliwa bila jasusi wala mtoa siri: mafundi wa kompyuta wa Umoja huo waliona uhamishaji wa data unapanda juu kabisa kati ya saa sita na saa nane usiku, saa ambazo ofisi zile hazina mtu.