KAZI ZA USIKU NA UPUNGUFU WA HOMONI YA USINGIZI

Watumishi na wananchi wanaofanya kazi za zamu wanafahamishwa kwamba kukosa usingizi mchana baada ya kukesha si uvivu wala udhaifu wa nafsi, bali ni jambo lenye sababu mwilini.

Katika mgodi wa Geita na ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, kazi huendelea usiku na mchana. Wauguzi, walinzi na madereva nao hukesha. Ndani ya ubongo imo tezi ndogo inayotoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Tezi hiyo hufanya kazi gizani, na mwanga uingiao machoni huizuia. Hivyo akeshaye chini ya taa kali hupungukiwa na homoni hiyo, na atokapo zamu asubuhi, jua huuarifu ubongo kwamba siku imeanza. Matokeo yake ni uchovu, na mwendesha mtambo anayesinzia huhatarisha maisha yake na ya wenzake.

Tiba ya kwanza ni giza. Asiyeendesha chombo avae miwani myeusi arudipo nyumbani. Chumba kiwekwe pazia zito, simu izimwe, na saa za kulala zisibadilishwe ovyo. Kahawa na chai ziachwe saa 6 kabla ya kulala. Pombe huleta usingizi, lakini huukatiza.

Maziwa, mayai, karanga na samaki vina kirutubisho ambacho mwili hukitumia kutengenezea melatonini. Hata hivyo, hakuna chakula kinachoweza kushinda mwanga.

Kuhusu vidonge vya melatonini, tahadhari inahitajika. Uchunguzi uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2017, uliopima bidhaa 31, ulikuta kiasi halisi kikitofautiana na maandishi ya kibandiko, kuanzia asilimia 83 pungufu hadi asilimia 478 zaidi. Visitumiwe bila ushauri wa daktari, hasa kwa wajawazito na wenye kifafa.

Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inakataza kumfanyisha kazi za usiku mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa hazimfai. Mwajiri anawajibika kumhamishia zamu ya mchana, isipokuwa pale isipowezekana. Kwa hiyo, anayesumbuliwa na hali hii kwa muda mrefu asione haya kwenda kupimwa: cheti cha daktari kitamfaa kuliko kidonge cha dukani.