Anayeandika Programu na Anayeiendesha Wakae Meza Moja

Mtu akienda benki kutoa fedha, au akijaribu kutuma fedha kwa simu, mara kwa mara hujibiwa kwamba mtandao unasumbua. Wakati mwingine mtandao hauna kosa lolote. Kilichotokea ni kwamba programu ya kompyuta ilibadilishwa usiku, na kulipokucha ile mpya ikagoma kufanya kazi. Leo nataka tuzungumzie kwa nini mambo huwa hivyo, na dawa yake ni ipi.

Katika taasisi nyingi kazi ya kompyuta imegawanywa kwa makundi mawili. Kundi la kwanza huandika programu. La pili huziendesha mitamboni, usiku na mchana. Kundi la kwanza husifiwa linapoleta jambo jipya; la pili husifiwa pale ambapo hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo mmoja anasukuma na mwingine anazuia. Programu ikiharibika, kila upande humnyooshea mwenzake kidole. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni mteja aliyesimama kwenye foleni.

Hebu tutazame mfano mmoja. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilianza kutumia programu mpya. Kazi hiyo ilikuwa na mitambo minane. Fundi aliinakili programu mpya kwenye mitambo saba, wa nane ukasahaulika. Hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua, wala utaratibu ulioandikwa wa kutaka ukaguzi huo. Ndani ya mtambo ule wa nane ilikuwamo programu ya zamani iliyoacha kutumika tangu mwaka 2003. Soko lilipofunguliwa, ile ya zamani ikaamka na kuanza kununua na kuuza hisa bila kikomo. Katika dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400.

Kabla ya soko kufunguliwa, kompyuta zilikuwa zimewatumia wafanyakazi barua 97 zilizotaja hitilafu, lakini hakuna aliyezishughulikia. Na katika kuhangaika, wakaiondoa programu mpya kwenye ile mitambo saba iliyokuwa sawa, hasara ikazidi. Mwaka uliofuata kampuni ikaungana na nyingine.

Wapo watakaosema fundi yule alikuwa mzembe, afukuzwe. Mimi sikubaliani nao. Binadamu husahau. Utaratibu unaotegemea kwamba hatasahau hata siku moja ndio mbovu, na ukimfukuza yeye, atakayekuja atasahau vilevile.

Dawa yenyewe imepewa jina la devopsi, lililotokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja la kuunda na jingine la kuendesha. Mwezi Juni 2009, wakuu wawili wa mafundi wa Flickr, mahali pa kuhifadhia picha kwenye intaneti, walieleza huko California jinsi walivyokuwa wakibadilisha programu zao zaidi ya mara kumi kwa siku. Oktoba mwaka huohuo, Patrick Debois wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Ghent, na jina hilo likaenea kutoka hapo.

Msikilizaji atauliza: kama badiliko moja linaleta balaa, mara kumi kwa siku si ni wazimu? Hapana. Taasisi inayoogopa mabadiliko huyalimbikiza miezi sita, kisha huyaingiza yote mamia kwa usiku mmoja. Likitokea kosa, nani atajua ni lipi kati ya hayo mamia? Lakini ukibadilisha jambo moja dogo asubuhi, na likaharibika, unajua mara moja ni lipi, na unalirudisha lilivyokuwa kabla ya mteja kumaliza chai yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la pili, kazi ya kujaribu programu na kuinakili mitamboni ifanywe na kompyuta yenyewe, kwa namna ileile kila mara. Kompyuta haisahau mtambo wa nane.

Jambo la tatu, badiliko lianze kwa wachache. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilipeleka faili lenye kasoro kwa wateja wake duniani kwa mkupuo. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Lingeanzia kwenye kompyuta chache, madhara yangeishia hapo.

Jambo la nne, na ndilo gumu kuliko yote, wanaoandika na wanaoendesha wabebe dhamana moja. Anayeandika programu naye aamshwe usiku inapoharibika. Ataiandika kwa uangalifu zaidi. Anayeiendesha naye aitwe mezani tangu siku ya kwanza ya kuipanga. Na baada ya hitilafu, kikao kiulize imetokeaje, kisianze kwa kuuliza nani. Mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudi.

Nawaonya wakuu wa taasisi juu ya jambo moja. Wengine watanunua mitambo ya bei kubwa, watabandika jina jipya mlangoni, kisha wataacha yale makundi mawili yakiendelea kukaa ghorofa tofauti na kupelekeana barua za lawama. Hapo fedha zitakuwa zimepotea bure. Anzeni na programu moja, na watu wachache kutoka pande zote mbili. Pimeni badiliko linachukua siku ngapi tangu kuandikwa hadi kumfikia mteja, na hitilafu inachukua saa ngapi kurekebishwa. Takwimu hizo mbili zitawaambia kama mnasonga mbele.

Nanyi wateja, mkiambiwa tena kwamba mtandao unasumbua, mna haki ya kuuliza kilichobadilishwa jana usiku.