Unywele Unaocheza Juu ya Picha

Projekta ya filamu hukuza kila kinachopita mbele ya taa yake, uchafu ukiwemo. Picha moja ya filamu ya milimita 16 haifiki milimita 10 kwa upana. Ikirushwa kwenye kitambaa chenye upana wa mita 2.5 imekuzwa zaidi ya mara 250, na kipande cha uzi cha milimita 2 kinaonekana kama kamba ya nusu mita.

Tanganyika iliujua mzigo huo mapema. Mwaka 1935 mradi wa sinema za elimu, ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt, ulianza kazi Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu 35 za milimita 16 na kuzionyesha vijijini kwa lori lililofika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yakafuata magari ya sinema ya serikali. Opareta wa gari la namna hiyo hakuwa na chumba cha kufunga mlango. Mahali kama Mamboya, kwenye vilima vya Ukaguru wilayani Kilosa, mashine ikisimamishwa uwanjani mwezi wa Septemba hupokea vumbi la kiangazi pamoja na lile linalotimuliwa na miguu ya watazamaji wenyewe. Mvua zikianza, kumbikumbi hufuata mwanga hadi kwenye lenzi.

Uchafu huonyesha ulipo kwa jinsi unavyoonekana kwenye kitambaa. Ulioganda juu ya filamu humeta na kutoweka, kwa kuwa kila picha hukaa mbele ya taa kwa sehemu ya 24 ya sekunde tu. Ulionasa langoni, yaani kwenye kidirisha cha chuma ambamo filamu hupita mbele ya taa, hauondoki: unaning'inia ukingoni mwa picha na kutetemeka kadiri filamu inavyousugua. Huo ndio unywele unaowafanya watazamaji wapige mbinja. Lenzi hupindua picha juu chini, hivyo unywele unaoonekana juu ya vichwa vya waigizaji umenasa ukingo wa chini wa lango. Opareta mgeni huhangaika kuusaka upande wa juu.

Chembe ya mchanga ina hasara kubwa kuliko unywele. Ikikwama kwenye reli za lango hukwaruza mstari mmoja mrefu, na rili ya kawaida ya milimita 16 ina mita 120 hivi, ambazo humalizika kwa dakika 11. Ndani ya dakika hizo rili nzima inaweza kuchorwa mstari ambao hakuna kitambaa cha kuufuta. Nakala iliyozunguka miaka mingi huonyesha mistari hiyo kama mvua inayonyesha hata ndani ya nyumba.

Hata hivyo, sehemu ya uchafu huo haitoki barabarani. Filamu yenyewe huchunika. Picha zake zimeshikwa na tabaka jembamba la jelatini, na kwenye nakala mpya tabaka hilo bado lina unyevu. Likikutana na joto la taa na mgandamizo wa lango, hulainika, hubanduka kidogokidogo na kukaukia kwenye reli, likawa ukoko mgumu kama wa chini ya sufuria ya wali. Dalili yake husikika kabla ya kuonekana: mashine huanza kutatarika, kisha picha inarukaruka. Ndiyo maana kingo za nakala mpya zilipakwa nta. Kuukwangua ukoko huo kwa kisu ni kosa linalozaa jingine, kwani chuma kilichokwaruzwa hushika jelatini upesi zaidi. Kinachofaa ni kitambaa chenye unyevu kidogo cha kuulainisha, kisha kijiti cha mwanzi au kipande cha shaba.

Majumba ya sinema ya mijini yaliongeza uchafu wa aina yake. Taa za kaboni, ambazo vijiti vyake viwili huungua vikitazamana, ziliacha majivu meupe na matone ya shaba kwenye kioo cha nyuma. Taa za zenoni zilizozirithi hazitoi masizi. Vumbi likikaa kwenye ukanda wa sauti, ulio kando ya filamu, husikika kama mchakacho. Likifunika lenzi ndogo ya sauti, maneno hufifia.

Usafi wa lango hufanywa kila rili inapobadilishwa, kwa brashi. Pamba haifai, huacha nyuzi zilezile zinazotafutwa. Lenzi hupulizwa kwanza, ikafutwa baadaye. Anayeanza kwa kufuta anaipiga msasa kwa mchanga ulio juu yake.

Miaka ya 1990 nakala za majumba ya sinema zilihamia kwenye poliesta, plastiki isiyokatika ovyo. Lakini poliesta ikisuguliwa hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi kama sumaku. Projekta za kidijiti hazina filamu wala lango, ila zina feni zinazovuta hewa ya kupooza taa, na hewa hiyo huja na vumbi lake. Vichujio vikiziba, joto hupanda na mashine hujizima katikati ya onyesho.