Kibarua wa Ujenzi ni Mfanyakazi

Penye ujenzi wowote kuna pande mbili: upande unaomiliki jengo na upande unaoliinua kwa mikono. Faida huenda upande wa kwanza. Hatari ya kuanguka jukwaani au kufukiwa mtaroni hubaki upande wa pili. Sheria za usalama na fidia kazini zimewekwa ili kurudisha sehemu ya mzigo huo kwa yule anayefaidi. Hazikuwekwa kwa huruma, na mfanyakazi anayezidai haombi msaada.

Kwa watu wa Kigoma jambo hili si geni. Reli ya Kati, iliyojengwa na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, ilifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Baadaye, chini ya Mwingereza, mkoa huu uliachwa makusudi kuwa ghala la nguvu kazi. Waha kwa maelfu walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba, wakijulikana kwa namba zao. Aliyeumia au kuishiwa nguvu alirudi Buha. Hapo ndipo unyonyaji ulipokamilika: shamba la mihogo na maharage alilolima mkewe nyumbani ndilo lililokuwa bima ya mwenye mkonge. Gharama ya mwili uliochakaa ililipwa na kijiji.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1948, nayo ikaendelea kutumika baada ya Uhuru. Ubaya wake ni kwamba viwango vilibaki palepale huku shilingi ikishuka thamani. Hata miaka ya 2000 ilipoanza, kifo cha mfanyakazi kilihesabiwa kwa shilingi 83,000 na ulemavu wa kudumu kwa shilingi 108,000. Fidia ya namna hiyo ilikuwa jina tu.

Mageuzi yalikuja kwa hatua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, ampime mfanyakazi afya kabla ya kumwanzisha kazi, na ampe vifaa vya kujikinga bila kumkata senti. Kofia ngumu na buti havikatwi kwenye ujira wa mtu. Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Aliyeumia hupata matibabu, na anapokuwa hawezi kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Akifa kutokana na kazi, wategemezi wake hulipwa pensheni.

Kwenye karatasi basi mambo ni mazuri. Lakini nenda asubuhi kwenye jengo linaloinuka Mwanga au Ujiji. Mwenye jengo amempa kazi mkandarasi, mkandarasi amempa fundi, fundi ameokota saidia fundi wanne njiani. Mirunda imefungwa kwa kamba, zege linapandishwa kwa ndoo, na aliye juu amevaa kandambili. Akianguka, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole: huyo si wangu, ni kibarua tu. Neno hilo “tu” limewanyima watu haki nyingi kuliko kifungu chochote cha sheria.

Na sheria hailikubali. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa hata dalili moja kati ya zilizotajwa ipo: anafanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anapewa vitendea kazi, au riziki yake inamtegemea huyo anayemtumikisha. Anayesema “huyo si mwajiriwa” ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Saidia fundi anayeelekezwa tangu saa moja asubuhi hadi jioni, akitumia koleo la mwenye kazi, yumo ndani ya kifungu hicho.

Suala hili linazidi uzito kwa sababu kazi inaongezeka. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Katika miradi mikubwa wakaguzi hufika, na TAMICO, chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, kina mlango wa kuingilia. Katika nyumba ya mtu binafsi ya ghorofa mbili hakuna anayefika. Huko ulinzi wa kwanza ni vibarua wenyewe kuandika: jina la anayewaajiri, siku walizofanya, kiasi walicholipwa, na mashahidi wa ajali. Daftari la senti chache linatosha, na lianze siku ya kwanza, maana mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.