Majaribio Yanapogoma Kuanza

Lori lililotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali linapofika Rusumo, wilayani Ngara, limeshamaliza zaidi ya kilomita 1,200. Tangu Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walipozindua rasmi Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, dereva husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, akahudumiwa hapo hapo na maofisa wa nchi zote mbili. Daraja jipya la Mto Kagera na majengo ya kituo vilijengwa kwa msaada wa Japan. Hati za mzigo, hata hivyo, hupita kwenye kompyuta: wakala wa forodha hujaza fomu kwenye kivinjari, hubofya, husubiri. Ukurasa ukikwama, gari nalo limekwama.

Kurasa za namna hii zinastahili kujaribiwa kila zinapoguswa. Selenium, zana aliyoianzisha Jason Huggins mjini Chicago mwaka 2004, humwezesha mtayarishaji programu kuandika hatua mara moja, kompyuta ikazirudia kila usiku: fungua ukurasa, jaza namba ya gari, bofya, soma jibu.

Kisha kunakucha, na majaribio yote yamegoma. Wengi hapo hukimbilia kupekua fomu, siku ikaishia humo. Jaribio lililoanza likashindwa limeleta habari za ukurasa. Ambalo halikuanza kabisa halijaufikia ukurasa, na kuulaumu ni kuuonea.

Mshukiwa wa kwanza ni draiva, programu ndogo inayopokea maagizo ya jaribio na kuyafikisha kwenye kivinjari. Chrome hujisasisha yenyewe, toleo jipya kila baada ya wiki chache. Draiva ikibaki nyuma, viwili hivyo havielewani. Ujumbe wa kosa husema hivyo waziwazi katika mstari wa kwanza, lakini chini yake hufuata mistari mingi ya msimbo, na jicho hushuka huko. Kuanzia Selenium 4.6, iliyotoka Novemba 2022, zana hutafuta draiva yenyewe. Lakini seva inayoendesha majaribio, ikiwa imezuiwa kutoka nje kwenye intaneti, haitaipata.

Wa pili ni seva isiyo na skrini: kivinjari kisipoagizwa kufanya kazi bila dirisha, huzimika papo hapo. Pia jaribio la jana huweza kuacha Chrome ikiishi kimyakimya, imeshikilia folda ileile ambayo jaribio la leo linaitaka.

Rusumo ina mtihani wake wa ziada. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa moja, na simu iliyo Tanzania ikinasa mnara wa ng'ambo, saa yake hurudi nyuma. Mtu akiisogeza saa ya kompyuta kwa mkono ili ilingane na ya simu, bila kugusa ukanda wa saa, kompyuta itaamini kuwa wakati wenyewe umebadilika. Ruhusa za kuingia kwenye mfumo zenye muda mfupi zitakataliwa, na jaribio litaishia mlangoni.

Kabla ya kugusa fomu, basi, andika jaribio dogo kuliko yote: lifungue ukurasa mtupu, lisome kichwa chake, lifunge. Likigoma hilo, tatizo liko kwenye kivinjari, draiva au seva. Likipita, ongeza hatua ya kuingia kwenye mfumo, halafu fomu, moja baada ya nyingine, mpaka ile inayokwama ijitokeze.