Mafuta ya Kupaka: Kuna Nini Ndani ya Kopo?

Wasomaji wenzangu, tangu Juni hadi Agosti sisi tukaao Karagwe na Kyerwa twaijua adha ya ngozi. Nchi yetu ni ya milima, na sehemu nyingi zimepita mita 1,500 juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, mchana upepo ni mkavu, na miguu ya wanafunzi huwa myeupe kama iliyopakwa majivu. Hapo kila mtu hutafuta kopo lake. Lakini ni wangapi kati yetu husoma yaliyoandikwa nyuma yake? Mimi sikuwa nikisoma, na sababu iliyonifanya nianze nitaieleza.

Kwanza tuyatazame mafuta ya mgando, ambayo bwenini hayakosekani. Hayo hutokana na mafuta ya ardhini, yale yale yatoayo petroli. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hati ya uvumbuzi mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Hayaongezi maji katika ngozi hata tone moja. Kazi yake ni kuziba, ili maji yaliyomo yasitoroke. Wanafunzi wa baiolojia wamekwisha kuliona jambo hili: chuma majani mawili ya mti mmoja, upake moja mafuta ya mgando pande zote, kisha yatundike uzini. Lisilopakwa hunyauka upesi, na lile jingine hubaki bichi. Bibi yangu husema kwamba zamani watu walijipaka samli ya ng'ombe. Nayo huziba vilevile, ila huchacha na kunuka.

Gliserini ni kitu kingine kabisa. Yenyewe huvuta maji. Lakini hewa ikiwa kavu, nayo imepakwa tupu, huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana wengine hulalamika kuwa imewakausha. Afadhali kuitia maji kidogo, kisha kupaka mafuta ya mgando juu yake.

Ama losheni, karatasi ya chupa hutaja vitu kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Nyingi huanza na neno Aqua, ambalo ni Kilatini, maana yake maji. Basi mnunuzi hulipia maji kwanza! Huo si udanganyifu, kwa kuwa maji hayo huifanya iwe nyepesi na kuenea vizuri. Lakini maji na mafuta hayapatani bila kiunganishi, na penye maji vijidudu huota, kwa hiyo hutiwa pia dawa ya kuzuia kuoza. Mafuta ya mgando hayana maji, wala hayahitaji dawa hiyo. Manukato hutiwa kidogo tu, hata hivyo huwawasha baadhi ya watu.

Sasa niieleze sababu yangu. Dada yangu, aliyeko nyumbani Kyerwa, aliniagiza krimu ya kung'arisha uso. Niliinunua mnadani, katika kopo lenye picha ya ua na lisilo na orodha yoyote ya vitu. Majuma ya kwanza alifurahi. Kisha uso ukawa mwekundu, ukawaka moto juani, na mwishowe mashavuni yakatokea mabaka meusi kuliko rangi yake ya asili. Mganga wa zahanati alimwambia aache mara moja, lakini hakuweza kusema ni nini kilichomdhuru, kwa kuwa kopo halikusema.

Vitu vinavyoogopwa zaidi katika krimu za namna hiyo ni zebaki na haidrokwinoni. Vyote viwili huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na rangi hiyo ndiyo kinga yetu ya jua. Zebaki haikomei usoni, bali hupenya mwilini na kuharibu figo. Vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo kopo lisilo na maandishi halimwambii mnunuzi lolote.

Likizo iliyopita nilimpelekea dada mafuta ya mgando, yasiyo na manukato. Huyapaka mara atokapo kuoga, ngozi ingali na unyevu, ili yazibe maji hayo. Ukavu umekwisha. Mabaka yamepungua, lakini hayajaondoka, na akienda shambani hujifunika khanga usoni.