Maneno Yenye Maana ya Ndani

Mtu akisimama ufukoni Liuli, siku nyingine huona juu ya Ziwa Nyasa nguzo nyeusi zipandazo kama moshi wa nyika iwakayo. Si moshi, ni makundi makubwa ya vijidudu vilivyoruka kutoka majini. Tukisema, “Vyapanda kama moshi,” huo ni mfano wa wazi, maana neno “kama” limetuonya. Kiingereza nacho kina mifano ya namna hiyo, wala haitusumbui.

Mfano wa pili umefichwa. Hapo Liuli pana jabali kubwa. Wadachi walipotawala nchi hii, kabla ya vita ya 1914, waliliona limefanana na Sphinx, yaani ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Wakaiita bandari ile Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Hawakusema “kama”. Mgeni asiyejua angetafuta sanamu iliyochongwa, asiione.

Kiingereza kimejaa mifano ya kufichwa. Nahodha akiita “mikono yote” ije juu ya sitaha, awataka mabaharia wenyewe. Kiungo kimoja kimesimama badala ya mtu mzima. Na Mwingereza akisema kwamba inanyesha paka na mbwa, ni mvua kubwa tu, kama ile ya milima ya Umatengo.

Kukosea hapa si jambo la kucheka siku zote. Tuseme mama mmoja wa Mbamba Bay amepata barua ya Kiingereza, imetoka kwa bwana aliyemwajiri kaka yake. Mwanawe aliye shuleni amsomea: kaka “amepita mbali”. Mama adhani ndugu yake yu safarini. Afagia nyumba, atwanga unga, amngoja. Kumbe ndivyo Waingereza wasemavyo kwa upole kwamba mtu amekufa!

Wala tusiwashangae. Sisi nasi twasema “amefariki”, neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuachana.

Basi, mwanafunzi, ukikuta maneno unayoyajua kila moja, lakini yakiungana hayana maana, usifanye haraka kutafsiri. Jiulize: Vitu hivi vimefanana katika nini? Au kimoja kimesimama badala ya kingine? Tazama yaliyotangulia na yafuatayo. Yakikushinda, muulize ajuaye. Kuuliza si ujinga.